Ticha, Kiingereza chenyewe kinanipiga chenga, nitakifundishaje?

Mwezi huu nimefungua barua zenu nikajua tu msimu wa BTP, yale mazoezi ya kufundisha mashuleni, umefika, maana karibu zote zimetoka kwa walimu watarajiwa wa somo la Kiingereza na zote zina jasho. Nimechagua tano. Anayejibu ni yule yule mkufunzi mstaafu, mtu wa Tukuyu, macho yamechoka ila mdomo bado.

*

Shikamoo Mwalimu. Nasoma digrii ya ualimu mwaka wa pili, masomo yangu ya kufundishia ni English na Geography. Mwezi ujao naenda BTP, nimepangiwa shule ya kata, form one, nimeambiwa mkondo mmoja una watoto 94. Sasa shida sio watoto, shida ni mimi. Chuoni tumesoma fonolojia, sintaksia, nadharia za kujifunza lugha, na nimefaulu vizuri tu, lakini nikisimama mbele nianze kuongea Kiingereza sentensi ya tatu nimeshakwama, ulimi mzito. Naogopa watoto watanicheka na msimamizi atanifelisha. Je niwe nakariri somo zima? Na hili andalio la somo lenye viboksi kibao nalijaza vipi kwa watoto ambao ukiwaambia "open your exercise books" wanaangaliana? (Mtarajiwa, Iringa)

Marahaba mwanangu, vuta pumzi kwanza.

Nikupe yangu. Mwaka 1986 nikiwa kwenye mazoezi kama wewe nilifundisha form two kipindi cha dakika 80, na siku hiyo nilikuwa moto, Kiingereza kinatiririka kama maji ya mto Kiwira, chaki nimemaliza, ubao umejaa kushoto mpaka kulia na nikafuta nikaujaza tena. Msimamizi wangu alikuwa mama mmoja mkimya sana, alikaa dawati la nyuma na karatasi yake. Kengele ikalia nikaenda nasubiri sifa zangu, akanionyesha ile karatasi, ina vijiti vinne tu. Nikamuuliza mama hivi ni nini, akasema hizo ndo mara ambazo mtoto amefungua mdomo akasema kitu chake mwenyewe kwa Kiingereza. Dakika 80, vijiti vinne! Viwili ni "I don't know sir", kimoja "yes sir", na cha nne kilikuwa cha mtoto aliyeomba ruhusa kwenda chooni, mama yule akasema huyu wa chooni ndiye peke yake aliyetumia Kiingereza leo kwa sababu alikuwa na shida nacho.

Sijawahi kusahau, na tangu nimeanza kusimamia wanafunzi wangu nimekuwa nachora vijiti hivyo hivyo. Kwa hiyo ukiniuliza kama watoto watakucheka kwa kukwama, nakwambia kukwama kwako sio ishu kubwa kama unavyodhani, maana mwalimu anayetiririka sana watoto wanapata nafasi gani ya kusema? Wanabaki na ile kwaya yetu ya kitaifa, "are we together?" "yeees!", "is it clear?" "yeees!", "any question?" kimyaaa. Hapo hakuna aliye pamoja na mtu.

Usikariri somo, utasahau katikati uanze kutafuta mstari kama mtoto wa madrasa aliyerukwa na aya. Kariri maelekezo. Kaa chini uandike sentensi zote za kuendesha darasa, work in pairs, say it again, louder, swap your books, who is finished, come and write it here, ukizihesabu hazifiki hamsini na ndizo utakazotumia kila siku ya Mungu mpaka ustaafu. Ziseme ukiosha vyombo, ziseme ukiwa kwenye daladala, watu watakuona chizi ila watazoea. Na kila moja iwe na ishara yake ya mkono. Unaposema "open your exercise books" shika daftari mkononi lifungue, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne usilishike tena uone. Mtoto huyo ametoka miaka saba ya msingi ambako hesabu, sayansi, kila kitu kasoma kwa Kiswahili, Kiingereza kilikuwa somo moja tu kwenye ratiba, halafu Januari anaingia form one anakuta baiolojia inamsubiri kwa Kiingereza. Ile kozi ya mwanzo ya form one ya wiki chache ndo daraja lake peke yake, na shule nyingine hata haifanyi, mwalimu anaruka moja kwa moja kwenye silabasi eti muda hautoshi. We ifanye.

Sasa kuna kitu chuoni wamekupa nusu. Sintaksia umesoma, lakini kuna mtu amewahi kukuonyesha Kiswahili kilivyolala chini ya makosa ya mtoto? Chukua hiki. Mtoto anaandika "She has worn a green scarf" na wewe unataka "She is wearing". Ukimwekea kosa tu hajui kosa liko wapi, maana yeye kafikiri sawasawa, amevaa. Tumefundishwa kwamba -me- ndo present perfect, tukaambiwa nimekula ni I have eaten, basi mtoto akaichukua kama fomula ya hesabu. Lakini -me- yetu ina kazi ya pili ambayo Kiingereza wanaifanya kwa njia nyingine kabisa, inaonyesha hali mtu aliyomo sasa hivi. Amelala, he is asleep. Amesimama, he is standing. Amechoka, she is tired. Amefanana na baba yake, na hapo ndo utakutana na "he has resembled his father" kwenye daftari hamsini kwa mpigo. Siku hiyo waite watoto watatu mbele, mmoja akae, mmoja asimame, mmoja ajifanye kalala, darasa liseme kwa Kiswahili kwanza wanaona nini, halafu kwa Kiingereza, uandike mbili mbili ubaoni. Dakika kumi. Hiyo nadharia hata ukiiandikia insha ya kurasa ishirini haitaingia kama inavyoingia pale.

Au hii ya "my mother he is a farmer". Mtoto hajachanganyikiwa jinsia ya mama yake jamani, ni kwamba katika lugha yake yote, kuanzia ya nyumbani mpaka Kiswahili, yeye ni yeye. Anapoongea hana muda wa kuchagua. Kwa hiyo hatibiwi kwa maelezo, anatibiwa kwa mazoezi mengi ya haraka haraka, unamnyooshea kidole Neema anasema she, unamnyooshea Juma anasema he, mpaka ulimi uzoee wenyewe.

Na hao 94 usiwaogope. Nikupe somo moja la kuanzia ambalo halihitaji kitabu hata kimoja. Andika aya ya sentensi sita kwenye karatasi, kitu cha kwao, siku ya gulio mfano, nakili mara nane, karatasi nane uzibandike nje, kwenye ukuta, kwenye mti, mlangoni. Watoto wawe kwenye makundi ya sita sita kama kumi na sita hivi, kila karatasi makundi mawili. Mmoja anatoka anakimbia, anasoma sentensi, anairudisha kichwani mwake mpaka kwenye kundi, anaitamka, wenzake wanaandika, anayefuata anakimbia. Hakuna kubeba karatasi wala kuandika mkononi. Kelele zitakuwa za soko la Mabibo na mwalimu wa darasa la jirani atakuja kuchungulia, mkaribishe. Lakini hesabu, kwa dakika ishirini kila mtoto amesoma Kiingereza, amekishika kichwani, amekitamka, amekisikia kwa mwenzake akakiandika. Msimamizi wako akichora vijiti kalamu itaisha wino.

Viboksi vya andalio la somo vijaze tu, ni kazi, ila uanze na kile cha shughuli za mwanafunzi kabla ya cha mwalimu. Nimesoma maandalio mengi sana maishani na upande wa mwanafunzi kumeandikwa "to listen to the teacher", chini yake "to listen and write notes", chini yake "to listen". Ukijikuta umeandika listen mara tatu, somo hilo lichane.

*

Mwalimu habari. Sisi huku chuoni maikrotichi tunafanya kwa kufundishana wenyewe, mwenzako anajifanya form one na unamwona kabisa anakupigia makofi ili na wewe zamu yake umpigie. Darasa tuko sitini, kila mtu anapata dakika tano muhula mzima. Hii inasaidia kweli au tunatimiza wajibu? (Mwanachuo, stashahada)

Mnatimiza wajibu, tusidanganyane.

Jambo lenyewe lilianzia Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani mwaka 1963, jamaa aitwaye Dwight Allen na wenzake, na wazo lilikuwa dogo na zuri. Unafundisha kipande cha somo dakika chache kwa wanafunzi wachache, unalenga ujuzi mmoja tu, labda kuuliza maswali, unaambiwa pale pale ulipokosea, halafu unakaa, unajipanga, unakifundisha kile kile tena kwa watoto wengine. Hiyo ya kurudia ndo dawa yenyewe. Sisi tumechukua jina tukaacha dawa, mtu anasimama mara moja, anapigiwa makofi, anaandikiwa "improve your voice", anakwenda zake.

Msisubiri chuo kibadilike maana wakufunzi nao wamezidiwa, nawajua, nimekuwa mmoja wao. Jikusanyeni watu sita jioni, mmoja afundishe dakika saba, asifiwe marufuku, aambiwe jambo moja tu la kurekebisha, kesho arudie mbele ya kundi lingine. Simu moja ya kurekodi inatosha. Utajiona unavyoongea na ubao badala ya watu, mimi nilijiona nikataka kuingia chini ya meza.

Na kuhusu mwenzako kujifanya form one, hawezi, anajua Kiingereza, hata akijifanya hajui uso unamsaliti. Mimi kila mwaka siku ya kwanza ya kozi ya mbinu nilikuwa naingia darasani na kufundisha dakika kumi kwa Kinyakyusa kitupu. "Ugonile!" Kimya. Naandika ubaoni, naelezea, nauliza swali, namnyooshea mtu kidole, naanza kukunja uso kwa nini hajibu. Nikimaliza kila sentensi nauliza kwa sauti ile ile ya kiticha kama wameelewa, na ikifika dakika ya sita hivi, watu wazima wenye cheti cha form six wanaanza kuitikia "eeeh!" kwa pamoja ilimradi niende mbele, hawajui nimesema nini hata kidogo. Nawashukuru, "ndaga fijo", natoka nje. Nikirudi natumia Kiswahili, nawauliza mmejisikiaje, na wapo waliosema walinichukia kabisa. Basi, sasa mnajua form one anavyojisikia kipindi cha pili cha Jumatatu. Fanyeni hivyo chuoni kwenu, Wahaya, Wamakonde, Wairaqw hawakosekani.

*

Salamu Mwalimu kutoka pwani ya Kenya. Niko titching praktisi katika shule moja ya upili. Hapa mwanafunzi akipatikana akizungumza Kiswahili siku ya Kiingereza anavishwa kibao shingoni mpaka ampate mwenzake mwenye kosa hilo amkabidhi, na jioni wa mwisho anapigishwa magoti. Mwalimu wangu mwenyeji asema ndivyo Kiingereza kinavyoingia. Mimi nilivishwa nikiwa mdogo na sitaki, lakini mimi ni mgeni tu hapa. Nifanyeje? (Mwalimu wa Kilifi)

Mwalimu, kibao hakijawahi kumfundisha mtu lugha, kinafundisha kunyamaza na kunusa nani kasema nini. Mtoto mwenye kibao siku nzima hasikilizi somo, anawinda. Huku kwetu pia kipo kwa majina mengine, pamoja na yale mabango ya "speak English only" ambayo chini yake walimu wenyewe wanapiga soga za Simba na Yanga kwa Kiswahili safi.

Lakini umesema vizuri, wewe ni mgeni, ukianzisha vita stafu utamaliza mazoezi yako vibaya. Usikivishe wewe, basi. Ndani ya kipindi chako kibao kikae mezani. Halafu Kiswahili ukitumie kwa kipimo, kama chumvi. Kuna walimu wanaosema sentensi moja Kiingereza na kuitafsiri hapo hapo, na mtoto si mjinga, anaziba sikio kwa ile ya kwanza anasubiri ya pili, hao nao wanaharibu. Kitumie pale kinapookoa muda, kueleza kosa kama lile la amevaa nililoandika juu, kuhakikisha maelekezo yameeleweka, kumtuliza aliyekata tamaa, ukishamaliza rudi.

Tena nyie Kenya mna afadhali kidogo, mtihani wenu wa mwisho wa sekondari, KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina sehemu ya stadi za kuongea japo inajibiwa kwa kalamu, kwa hiyo mwalimu mwenyeji akikuuliza mbona watoto wanaongea sana kwenye kipindi chako una la kumwonyesha. Wenzako wa huku mtihani wa form four ni kuandika mwanzo mwisho, na mwalimu anayetaka watoto waongee anaulizwa hilo litatoka NECTA?

*

Mimi ni mkuu wa shule. Kila mwaka naletewa vijana wa BTP, na kusema ukweli kwangu ni ukombozi maana mwalimu wa Kiingereza ninaye mmoja kwa mikondo tisa. Vijana wanachukua vipindi vyote, yeye anapumua. Kuna ubaya? (Mkuu, Kanda ya Ziwa)

Mkuu, heshima yako, na mikondo tisa kwa mtu mmoja nani asingetaka kupumua. Ila kijana hakuja kwako kuziba pengo, amekuja kujifunza, na anajifunza kwa nani kama mwenyeji kaenda shamba? Tuliwahi kufanya hivyo kitaifa, MMES, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, ilipoanza 2004 shule za kata zikaota kila kona, walimu hakuna, wakachukuliwa waliotoka form six wakapewa mafunzo ya haraka haraka wakatupwa madarasani, mtaani wakaitwa voda fasta na jina likawaganda. Wengine wao leo ni walimu wazuri sana, nawafahamu, lakini waulize walijifunzia kwa nani, watakwambia kwa watoto wa watu.

Naomba kitu kidogo tu, wiki ya kwanza kijana akae nyuma amtazame mwenyeji, na baada ya hapo mwenyeji akae nyuma angalau kipindi kimoja kwa wiki. Kimoja, Mkuu. Msimamizi wa chuo anakuja mara moja mbili, anaandika fomu, anawahi basi, huyo hawezi kumlea mtu.

*

Ticha mambo, hivi lazima niongee kama Mzungu? Wanafunzi wananiambia matamshi yangu ya kibongo. (Dada wa Morogoro)

Poa kabisa. Sio lazima, na wala usijaribu, utapoteza sauti yako na usipate ya kwao. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kile cha kwenye kamusi za Uingereza kina sauti za irabu kama ishirini, kwa hiyo hat, hut, heart na hurt mdomoni mwetu zinaweza kutoka neno moja. Hizo zinazobadilisha maana zifanyie kazi, nyingine achana nazo.

Kinachotuangusha zaidi ni mkazo. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, hatufikirii, sasa tunaupeleka huo huo kwenye comfortable tunapata komfo-TEI-bo, vegetable inakuwa veji-TEI-bo, na msikilizaji wa nje anapotea kabisa hapo hata kama kila herufi umeitamka, kwa sababu wao mkazo wanaupiga mwanzoni kabisa na sehemu nyingine wanaimeza. Kila neno jipya unalokwenda kufundisha kesho liangalie kwenye kamusi leo, kuna alama ndogo kama koma imening'inia juu, kabla ya silabi ya mkazo, piga mstari chini ya silabi hiyo kwenye notsi zako, na ubaoni pia, watoto wagonge dawati pale mkazo ulipo. Kamusi ipo shuleni kwako, nina uhakika, kwenye kabati lililofungwa kule ofisini, na ufunguo anao second master. Kamwombe asubuhi, kabla hajachoka.